Likizo kubwa Maniema: Mito, mihogo na swali la mtoto Tongoni

Shule zinapofungwa mwanzoni mwa Julai, wazazi wengi hapa Kindu huulizana swali lile lile: watoto tuwapeleke wapi? Likizo kubwa ni miezi miwili mizima. Mjini bustani za michezo ni haba, na mtoto akibaki nyumbani humaliza siku akichezea simu ya baba yake mpaka chaji iishe.

Kwa familia zenye asili ya kusini mwa jimbo la Maniema, jibu la zamani ni kijijini. Wengine wana ndugu Kasongo mjini, wengine Kabambare, na wengine wako upande wa Lusangi, ambako ndiko kwetu. Mwaka jana nilifunga safari na watoto wangu wawili, msichana wa miaka 11 na mvulana wa miaka 7, tukakaa wiki tatu kwa baba yangu mkubwa.

Nilikwenda na nia ya kuandika makala nyepesi: pa kupeleka watoto, wale nini, wachunge nini. Hayo yapo humu. Lakini siku moja tuliyokwenda matembezi Kasongo iliniletea jambo ambalo sikulipangia, na mpaka leo nyumbani kwetu bado linazungumzwa.

Kwanza, safari yenyewe. Kutoka Kindu unavuka Lualaba hadi ng'ambo ya Alunguli, halafu pikipiki. Mpaka Kasongo ni zaidi ya kilomita 200, na mwenye watoto asijidanganye kwamba atazimaliza kwa siku moja. Sisi tulilala njiani. Uzuri wa likizo kubwa ni kwamba inaangukia kiangazi: vumbi utakula, lakini madaraja ya magogo yanapitika na matope yamekauka. Kuna reli pia upande wa pili wa mto, ile ya Kindu hadi Kongolo iliyokamilika mwaka 1911, ila huwezi kupanga likizo ya mtoto kwa kutegemea ratiba yake.

Usalama usiusahau. Katika eneo la Kabambare, hasa upande wa Salamabila kwenye dhahabu, makundi yenye silaha yamewasumbua wakaaji kwa miaka mingi. Na tangu Goma na Bukavu ziangukie mikononi mwa waasi wa M23, Januari na Februari 2025, ndugu zetu wanaoishi huko hawasafiri tena kama zamani. Kabla ya kuondoka, mpigie simu mtu aliyeko huko huko, asiwe mtu wa mjini mwenye habari za wiki iliyopita. Baba mkubwa alituahirisha mara moja, tukangoja siku tisa. Nilinung'unika, lakini alikuwa na haki.

Kukausha kijito

Siku ya tatu baada ya kufika, mama mkubwa aliwaamsha watoto mapema akawapa kila mmoja beseni. Kiangazi maji ya vijito hupungua, na wanawake wa kijiji hutoka pamoja kuvua kwa njia ambayo mtoto wa mjini hajawahi kuiona. Wanachagua kipande cha kijito, wanajenga ukuta wa udongo, matawi na majani upande wa juu, na mwingine upande wa chini. Kisha wote wanaingia katikati na kuteka maji kwa mabeseni, wakiyamwaga nje, saa baada ya saa, mpaka yanabaki matope. Humo ndimo samaki walimo.

Mwanangu wa kiume alilalamika dakika kumi za kwanza. Baridi. Matope. Ruba. Halafu kambare mmoja alimpita katikati ya vidole, na tangu hapo hatukumsikia tena. Saa nane mchana alikuwa amepakaa udongo mpaka kwenye nyusi, ameshika samaki wanne wadogo, na amejifunza matusi mawili ya lugha ya nyumbani ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau.

Mgawo ndio ulionivutia zaidi. Samaki hawakuhesabiwa kwa kilo. Kila mtu aliondoka na alichokishika, kisha wanawake wawili wakubwa wakapita wakichukua kidogo kidogo kutoka kila beseni kwa ajili ya wasioweza kuja: mgonjwa, mzee, na mama mmoja aliyejifungua wiki ile. Mwanangu alitoa mmoja kati ya wanne wake. Alitoa kwa uchungu, lakini alitoa.

Ufaransa familia za mjini hulipa kwa mambo ya namna hii. Huko kuna nyumba za mashambani za kupangisha wageni wa likizo, zinaitwa gîte, na shirikisho lao la kitaifa liliundwa mwaka 1955, wakati vijiji vya Ufaransa vilipokuwa vinakimbiwa na vijana. Mzazi wa Paris hulipia usiku kadhaa ili mwanawe aone mbuzi akikamuliwa na yai likitoka kwa kuku. Ninao jamaa wa Ulaya ambao husimulia siku hizo kama jambo kubwa. Sisi tunaiona bure, na labda ndiyo sababu tunaidharau.

Mihogo nayo ina somo lake. Binti yangu aliuliza kwa nini mama mkubwa anaiacha majini siku tatu badala ya kuipika mara moja, kwani njaa ilikuwa inauma. Jibu ni sumu. Mihogo michungu ina kemikali inayotoa sianidi, na kuiloweka ndiko kunakoiondoa. Watu wakiharakisha kwa sababu ya njaa au vita, wanaweza kupata konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao madaktari waliuandika huko Kwango, magharibi mwa nchi yetu, mwaka 1938. Mama mkubwa hajui neno sianidi. Anajua siku tatu, harufu, na jinsi muhogo unavyopaswa kulainika chini ya kidole gumba. Alimshikisha binti yangu vipande viwili, kilichoiva na ambacho bado, akiwa amemfumba macho. Mara ya tano hakukosea tena.

Jioni mtandao wa simu haupo, au uko juu ya kichuguu kimoja tu ambako vijana hupanga foleni. Watoto wakala bugali, sombe yenye mawese na wale samaki wao, wakasikiliza hadithi mpaka wakalala juu ya mkeka. Chandarua ni lazima, nakukumbusha. Malaria haina likizo.

Jani la Nyangwe

Baada ya wiki mbili tulihamia Kasongo kwa shangazi, baba mkubwa akafuatana nasi. Kasongo ni mji wa kupendeza kwa mtoto anayetembea: alfajiri adhana, baadaye kengele za kanisa, na katika ukoo wetu wapo wa kuamkia vyote viwili. Kutoka hapo tulifanya matembezi mawili. La kwanza lilikuwa Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, siku nzima kwenda na kurudi.

Kwa mtoto Nyangwe ni mto. Lualaba hapo ni mpana, mitumbwi inapita, wavuvi wanatengeneza nyavu. Mkitaka kupanda mtumbwi, chagueni asubuhi wakati upepo umetulia, kataeni ukijazwa watu na mizigo, na kama hamna majaketi ya kuokolea, basi bakini karibu na ukingo. Kuoga kwenye maji yaliyotuama niliwakataza kwa sababu ya kichocho, na mamba hawahitaji maelezo.

Mchezo tulioufanya ulikuwa rahisi. Kila mtoto aliandika jina lake juu ya jani kubwa kwa mkaa na kulitupa majini. Likifika mbali litapita Kindu, nyumbani kwetu. Halafu Ubundu, maporomoko ya Boyoma, Kisangani ambako mto unabadilisha jina na kuwa Kongo, Kinshasa, mpaka Bahari ya Atlantiki. Niliwaambia kwamba mwaka 1871 mzungu mmoja, David Livingstone, alikaa miezi hapa hapa Nyangwe akitafuta mtumbwi, huku akitumaini kwamba maji haya ni ya mto Naili. Alikufa mwaka 1873 bila kupata jibu. Henry Morton Stanley ndiye aliyeondoka Nyangwe mwezi wa Novemba 1876 akayafuata maji, na Agosti 1877 akatokea Boma, karibu na bahari. Mvulana wangu alitaka kujua jani lake litachukua miezi mingapi.

Ya pili niliyowaambia haikuwa mchezo. Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko Nyangwe. Wengi waliokuja walikuwa wanawake, na bidhaa zao vichwani. Watu wa msafara wa wafanyabiashara kutoka pwani waliingia na bunduki, ukazuka ugomvi wa bei ya kuku, risasi zikaanza kulia. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikakwama na kupinduka, wengi wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino alioutengeneza kwa matunda. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliongeza hasira dhidi ya biashara ya watumwa, na Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja.

Sikuona jiwe wala kibao cha kuwakumbuka wanawake hao. Huko Blankenberge, pwani ya Ubelgiji, kuna sanamu ya wanajeshi wawili wa Kibelgiji, Lippens na De Bruyne, waliouawa Kasongo mwaka 1892. Wawili wana sanamu baharini; mamia wa hapa wana mto tu.

Tulikuwa upande gani?

Tembezi la pili lilikuwa Tongoni, mahali ilipokuwa Kasongo ya kale kabla Wabelgiji hawajauhamisha mji. Jina lenyewe linajieleza: tongo ni mahali palipohamwa na watu. Watanzania wana Tongoni yao karibu na Tanga, yenye msikiti na makaburi ya kale. Ya kwetu msiiendee mkitarajia majumba. Tulichokiona ni miti, majani na ardhi. Piga hodi kwanza kwa chifu na umwombe mtu wa kukutembeza, maana bila mwenyeji utapita juu ya historia bila kujua.

Hapo ndipo palipokuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja aliyetawala biashara ya pembe na watu katika nchi hii mpaka alipoondoka mwaka 1890. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya gavana wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Urafiki huo haukudumu: vita vilizuka, mwanawe Sefu akapigana na jeshi la Leopold, Nyangwe ikatekwa Machi 1893 na Kasongo Aprili mwaka ule ule. Watafiti wa Ubelgiji na Kongo wamechimba Tongoni na kukusanya masimulizi ya wazee. Makala yao ilitoka mwaka 2020 katika jarida la Antiquity.

Ukienda Zanzibar leo, utalipa kiingilio kuona vyumba vya watumwa Mkunazini. Ujiji, ng'ambo ya Tanganyika, ina makumbusho ya Livingstone. Tanzania iliandikisha njia ya misafara katika orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006, vituo sita, Bagamoyo mpaka Ujiji. Ramani inaishia ziwani. Lakini watu waliokuwa wanafungwa minyororo hawakutoka ziwani. Walitoka huku.

Nilikuwa nikisema maneno kama haya, kwa sauti ya mwalimu, wakati binti yangu aliponikatiza na kumgeukia baba mkubwa.

"Babu, sisi tulikuwa upande gani?"

Baba mkubwa anakaribia miaka 80. Alikaa juu ya shina la mti, akajifuta jasho, na nilidhani atasema amechoka. Akamjibu: "Pande zote mbili, mama."

Kisha akasimulia ambayo mimi, mtu mzima, mwandishi wa habari, sikuwa nimeyasikia. Baba wa babu yake alikuja na msafara kutoka Unyamwezi, akibeba bunduki ya mfanyabiashara. Mama wa babu yake alinunuliwa hapa kwa vitambaa, akiwa msichana. Umri wake haujulikani, ila husemwa kwamba alikuwa bado hajafikia kimo cha mchi wa kinu. Binti yangu alijipima kwa macho. Niliona.

Baba mkubwa alimweleza pia jambo la lugha. Wale waliokuja na misafara walijiita wangwana, yaani watu huru, wasio watumwa. Kiswahili chao kikaitwa Kingwana, na ndicho mzizi wa Kiswahili tunachozungumza Maniema. Lugha yetu ina jina la uhuru, na ilifika kwa njia ya watumwa. Mchele tunaojivunia ulienea kwa njia hiyo hiyo, na Uislamu wa nusu ya ukoo wetu pia. Huwezi kuchagua kimoja ukatupa kingine.

Tulirudi kimya. Usiku mama mkubwa, ambaye naye alikuwa amefika kwa shangazi, aliposikia yaliyosemwa alikasirika sana. Hakupandisha sauti. Alimwambia mumewe kwamba mtoto hapewi maneno ya namna ile, kwa sababu mtoto hana mlango mdomoni. Mimi nilimtetea baba mkubwa, nikasema watoto wa siku hizi wanahitaji kujua. Akaniuliza kama mimi ndiye nitakayekuwapo kijijini siku watu watakapogombania shamba na mmoja akainuka kusema kwamba wale ni wajukuu wa mtu aliyenunuliwa.

Sikuwa na jibu, na sina mpaka sasa. Anayeishi mjini kama mimi hulipa bei ndogo kwa kusema ukweli. Huku kwetu neno "mtumwa" bado linakata: katika ndoa, katika ardhi, katika nani anaruhusiwa kusema mbele ya chifu. Vijana wengi wa Kindu hawajui chochote kwa sababu wazazi wao walinyamaza, na walinyamaza kwa hoja nzuri. Hata hivyo naona kwamba wanaojua wanazeeka, na likizo ni moja kwa mwaka. Ningemwambia binti yangu. Ningemwambia pia, kama nilivyomwambia usiku ule, ni wapi asiyarudie.

Tuliporudi Lusangi kuchukua mizigo, mama mkubwa alikuwa jikoni akichekecha unga wa muhogo. Alimwita binti yangu amsaidie na kunifukuza mimi kwa mkono. Walikaa muda mrefu. Jioni binti yangu aliniambia kwamba yule msichana aliyenunuliwa alikuwa na jina kabla ya kupewa jina la Kiswahili, kwamba baba mkubwa halijui, na kwamba mama mkubwa alipewa na mama mkwe wake, naye alipewa na mama mkwe wake. Linapita kwa wanawake wanaoolewa katika ukoo, na sasa kwa mara ya kwanza limepewa mtoto wa kike aliyezaliwa ndani yake.

Niliambiwa jina hilo baadaye, kwa sharti kwamba nisiliandike gazetini. Sitaliandika.

Tulirudi Kindu wiki ya mwisho ya Agosti, na karanga nusu gunia, mawese, na mtoto wa kiume mwenye kidonda mguuni kilichohitaji dawa. Shule zilifunguliwa Septemba. Simu yangu ina dakika 40 za sauti ya baba mkubwa, mpaka pale betri ilipokufa katikati ya safari ya yule mbeba bunduki kuvuka Luama. Sehemu iliyobaki ameniahidi Julai hii, barabara ikiruhusu.